Mtumbwi Chini ya Dungu

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, mama yangu alibaki peke yake juu ya dungu, na mtumbwi wake haukuwapo chini.

Kwa asiyelijua bonde la Rufiji, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Masika yakiingia, watu huziacha nyumba zao za kijijini wakahamia huko, wakifukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Sakafu ni ya fito. Jiko ni udongo uliokandikwa kwenye pembe moja. Chini, kwenye nguzo, hufungwa mtumbwi mdogo, kwa sababu maji yakishaingia shambani hakuna njia nyingine ya kutoka.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Kibiti. Shule niliishia darasa la saba. Ninachokijua kuhusu safari za angani nimekisoma mwenyewe, zamani kwa kamusi, siku hizi kwa simu, na katika safari hizo nimechagua aina moja tu: za watu wanaokwenda kwenye vituo vinavyoizunguka dunia. Nataka kujua walikwendaje, walijifunga vipi na kituo, walirudi na nini. Wengi hupenda habari za kwenda mbali, mwezini na kuendelea. Mimi napenda hizi za kwenda mahali palepale na kurudi, labda kwa kuwa nimelelewa na watu wanaokwenda dunguni kila mwaka.

Mama alikuwa akinicheka. Nilimwonyesha kituo kikipita baada ya magharibi, nukta nyeupe isiyopepesa, inayokwenda kama mtu mwenye safari yake.

"Hao watu wako wanalinda mpunga gani huko juu?" aliniuliza.

"Hawalindi kitu, mama. Wanafanya utafiti."

"Basi waje wautafiti mdomo wa kweleakwelea, wataacha kazi."

Tangu siku ile, kila alipokiona kutoka dunguni alinipigia simu. Hakusema kituo. Alisema, "Wenzangu wamepita."

Masika yale jua halikuonekana kwa siku nyingi. Simu ya mama ilichajiwa kwa paneli ndogo ya sola niliyomfungia kwenye paa, na bila jua chaji ilikuwa ya kubembeleza. Tukakubaliana awe anaiwasha baada ya adhuhuri na baada ya magharibi, tuseme maneno machache, aizime. Vituo vya zamani vilikuwa hivyohivyo. Watu wa juu waliweza kusema na wa chini pale tu walipopita juu ya mitambo ya redio iliyo nchi kavu au melini, na sehemu nyingine ya mzunguko ilikuwa kimya. Niliposoma habari hiyo nikiwa kijana niliiona ya kiufundi tu. Sikujua kwamba kimya hicho nacho kina mtu anayekihesabu.

Habari zikaja kwamba maji yamepanda Utete na yanashuka kwetu. Mama alipoiwasha simu baada ya adhuhuri nilikuwa nimeishika yangu mkononi.

"Maji yamefika wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Kipandio cha ngapi?"

"Vilivyobaki havina haja ya kuhesabiwa, baba."

"Basi shuka sasa hivi. Ingia mtumbwini uende kilimani."

Nilisikia mvua kwenye makuti.

"Mtumbwi nimeuazima," alisema.

Jirani wa dungu la pili alikuja alfajiri akiwa ameshika mdomo wa mtumbwi wake uliopasuka, mkewe ndani yake ameshikwa na uchungu. Mama aliufungua wake akawapa. Walikwenda zahanati, upande wa pwani, kwenye ardhi ya juu.

"Alisema atarudi lini?"

"Sikumwuliza."

Hakumwuliza kwa sababu kwetu haulizwi. Mtumbwi haunyimwi mwenye mgonjwa wala mwenye maiti, na ukishautoa huulizi utarudishwa lini. Kuuliza ni kumhimiza mtu amalize haraka na mgonjwa wake. Nimekulia katika desturi hiyo na sijawahi kuiona ina kasoro. Siku ile, nimesimama kibandani kwangu kati ya redio zilizofunuliwa matumbo, niliichukia.

Huko angani wana kanuni moja ambayo naijua kuliko zote: kila aliye kituoni lazima awe na kiti katika chombo kilichofungwa hapohapo, ili moto ukizuka au hewa ikivuja, aingie, afunge mlango, aondoke. Kanuni hiyo ina sababu zake. Chombo cha mizigo kiliwahi kukigonga kituo, hewa ikaanza kutoka, na waliokuwamo wakakata nyaya kwa haraka ili waufunge mlango wa chumba kilichotoboka. Wakati wote huo chombo chao cha kurudia kilikuwa kimefungwa palepale kikiwangoja. Kiti kwa kila mtu. Mama yangu alikuwa amekitoa kiti chake.

Nilichukua bodaboda mpaka barabara ilipozama. Kilimani, ukingoni mwa maji hayo, kulikuwa na watu waliokwisha kuhama madungu yao, wamekaa juu ya magunia. Mwanamume mmoja, mvuvi niliyemjua kwa sura tangu utotoni, alikubali kunipeleka.

"Kaa chini, fundi," aliniambia tulipoondoka. "Hii si bodaboda. Ukiinamia upande tunazama, halafu waseme nimemwua mtu wa Kibiti."

"Mimi ni wa hapahapa."

"Ulikuwa wa hapahapa. Kaa chini."

Kulikaribia dungu wakati wa maji makali kuna utaratibu wake. Huji kutoka juu ya mkondo, maana maji yatakutupa juu ya nguzo. Unalipita kwa mbali, unageuka, unapanda polepole ukiwa chini yake, mpaka mwendo wako na wa maji ulingane na mtumbwi usimame kama umetia nanga. Hapo ndipo unanyoosha mkono. Na hufungi kamba, kwa kuwa nguzo iliyochoka, ukiifungia mtumbwi wenye watu, utaing'oa. Unaushikilia kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, uliokita chini. Niliyatambua yote hayo. Chombo cha angani nacho hukikaribia kituo hivyo, vyote viwili vikiwa katika mbio kubwa, lakini kati yao mwendo ni mdogo kuliko wa mtoto anayetambaa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, mkeka umeviringishwa mapajani, kanga mbili juu ya kichwa. Dungu lilikuwa limeanza kuinama. Tulipanda mpaka karibu, nikanyoosha mkono, nikaigusa nguzo. Ilikuwa inatetemeka. Mvuvi akatia upondo ushike chini, na upondo ukazama wote bila kukuta ardhi.

Maji yakatuchukua. Tukageuka, tukapanda tena kwa makafi, tukaigusa nguzo tena, maji yakatuchukua tena. Mara ya tatu hatukufika hata nguzoni. Mvuvi alikuwa anahema kwa sauti.

"Rudini," mama aliita kutoka juu. "Mtanifia machoni."

"Mama, ruka nitakudaka."

"Niruke na magoti haya? Rudini. Kesho."

Mvuvi hakuniuliza. Aliuacha mtumbwi uende na maji, na mimi nilikaa nimemgeuzia uso mama mpaka miti ikamficha.

Watu wa kwanza kabisa kupelekwa kwenye kituo cha angani hawakuingia. Walikuwa watatu. Walikifikia, wakakigusa, vyuma vikashikana nusu, visikaze. Walikaa hivyo kwa saa kadhaa wakijaribu, ukuta mmoja tu kati yao na mahali walipotumwa, kisha wakajiondoa wakarudi nyumbani. Vitabu huwapa mstari mmoja, na mimi pia nilikuwa nikiwapa mstari mmoja. Sikuwahi kufikiri jinsi walivyokitazama kituo kikibaki nyuma.

Baada ya magharibi aliiwasha simu.

"Limeinama zaidi?" niliuliza.

"Kidogo. Nimehamia upande wa pili ili nilisawazishe." Halafu akasema, "Mawingu. Wenzangu leo siwaoni."

"Wapo tu, mama."

"Najua wapo. Zima, chaji inakwisha."

Kilimani nilijaribu kujishika na habari zinazofaa. Nilitaka kuwakumbuka wale wawili waliopelekwa kwenye kituo kilichokufa, kisicho na umeme wala mawasiliano, kinajizungukia ovyo. Walikikaribia kwa macho na mikono yao, wakajifunga nacho, wakaingia ndani wamevaa kofia za manyoya kama watu wa theluji, wakakifufua. Ni safari niipendayo kuliko zote. Lakini kila nilipoianza, iliyokuja ni nyingine: wale watatu waliofanikiwa kuingia katika kituo kile cha kwanza baada ya wenzao kushindwa. Waliishi humo wiki kadhaa, wakafanya kazi yao yote, na njiani kurudi tundu dogo la hewa likafunguka kabla ya wakati. Chombo kilitua salama. Walipofunguliwa walikuwa wamekaa vitini mwao, wamekufa.

Kulipopambazuka simu ya mama haikupatikana. Haukuwa wakati tuliokubaliana, na nilijiambia hivyo. Nikapiga tena.

Ndipo jirani alipofika. Alikuja akisukuma mtumbwi wa mama ukingoni mwa maji, kifua kimelowa, viganja vimechunika. Alikuwa amepanda akishindana na maji tangu weusi wa alfajiri. Aliponiona hakunisalimu.

"Shangazi yuko hapa?"

"Yuko juu."

Aliinama akashika magoti. Mvuvi alimwuliza kuhusu mkewe. Alisema mkewe ni mzima. Mtoto, alisema, hakulia. Wamemzika hukohuko.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mtu huyu, niliyapanga tangu jana yake kwa utaratibu wangu, na sasa hayakuwa na pa kwenda.

"Mmoja unayumba," mvuvi alisema mwishoni, akiitazama mitumbwi. "Miwili ikifungwa ubavu kwa ubavu inatulia. Na makafi matatu si mawili."

Tukaifunga kwa kamba za magunia. Dungu tuliliona kwa mbali, limelala upande kama mtu aliyeegemea kiwiko. Mama alikuwa amejishika kwenye boriti ya paa. Tulilipita, tukageuka, tukapanda. Jirani alipiga kafi kama anayepigana na mtu. Nikaikumbatia nguzo kwa mikono miwili, mbavu zangu kwenye ukingo wa mtumbwi, wao wakapiga makafi ili tusiende mbele wala nyuma.

"Shuka, mama. Sasa."

Hakushuka. Alikuwa amemwona jirani.

"Mkeo?" alimwuliza.

"Mzima, shangazi."

Mama alingoja. Jirani alitazama maji akaendelea kupiga kafi. Mama akasema inna lillahi kwa sauti ya chini, akaegemeza mguu mmoja kwenye fito, kisha wa pili, akaja juu ya mgongo wangu na uzito wake wote, mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaiachia nguzo.

Kilimani alimwita jirani kando. Nilisikia neno moja tu la mazungumzo yao, na ndilo mama alilolirudia mara mbili: "Usinirudishie shukrani."

Maji yalipopungua, pale dungu lilipokuwa kulibaki nguzo moja. Mama aliishi kwangu Kibiti mwaka mzima, akilalamika kwamba maji ya bomba hayana ladha. Katika kipindi hicho nilimsomea habari za wawili waliokwenda kituoni kwa ziara ya siku chache wakakaa miezi, kwa kuwa chombo walichoendea kilionekana si cha kuaminika. Nilimweleza kwamba mpaka viti vyao vingine vilipofika, walitengenezewa mahali pa dharura chini ya viti vya wenzao, juu ya magodoro, wafungwe hapo kama mizigo ikibidi kukimbia.

"Na chombo chao kikawaje?"

"Kilirudi kitupu. Kilitua salama."

Aliacha kuchambua mchele. "Kitupu? Na watu wenye haja wapo?"

Nilimfafanulia habari ya hatari, na kwamba waliopima hawakuwa na hakika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea na mchele wake.

Nilimwomba aniahidi kitu kimoja: akirudi bondeni, mtumbwi usitoke chini ya dungu maji yakiwa juu, kwa yeyote. Nilimweleza kanuni ya viti. Nilimweleza kwa hesabu, na kwa mifano yote ninayoijua, na mwisho, bila hesabu, nikamwambia kwamba sitaweza kuikumbatia nguzo ile mara ya pili.

"Ungeweza," alisema.

Hakuahidi.

Masika haya amerudi. Dungu jipya wamemjengea kina jirani, juu kidogo kuliko la zamani, na sola nimeifunga mimi. Mvua imenyesha juma zima. Jioni hii aliiwasha simu kama kawaida, nikamwuliza swali ninalomwuliza kila siku kabla ya salamu.

"Mtumbwi upo," alijibu.

"Umeuona kwa macho?"

"Nimeukalia juu yake, nitauonaje? Nasikia unagonga nguzo." Kisha sauti yake ikahama, kama aliyegeuka kutazama nje. "Ngoja. Kuna mtu anapiga hodi huko chini."

Simu ikakatika. Nimepiga tena, haipatikani. Adhuhuri ya kesho ni mbali.