Jeddah Niliyompangia Mwenzangu

Wiki mbili zilizopita binamu yangu aliniandikia kutoka Tanga. Anakwenda Umra na mumewe na watoto wao wawili, na kabla ya kurudi nyumbani watakaa Jeddah siku tatu. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Dada, nimemuuliza mama tuwapeleke wapi watoto. Anasema nilishapanga mwenyewe tangu mdogo. Hebu nikumbushe, nilipanga nini?"

Nilikuwa jikoni kwangu hapa Glenwood, Durban, napika vitumbua, na vikaungua vyote. Mimi sijafika Jeddah hata siku moja. Binamu yangu naye hajafika. Lakini niamshe usingizini uniulize mtu afanye nini na watoto kule, nitakutajia kimoja baada ya kingine kama niliyezaliwa huko. Na hakupanga yeye. Nilipanga mimi nikasema ni yeye, na mwenyewe anajua. Kaa basi nikusimulie, maana nimechoka kuwa nayo peke yangu.

Tulikaa Albert Park, ghorofa ya saba, miaka ile ya kabla na baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Lifti ilifanya kazi siku ikijisikia. Baba, mama na mdogo wangu mchanga walilala chumba kimoja. Bibi, mimi na binamu tulilala cha pili. Dirishani tuliziona kreni za bandarini, na chini kwenye robot, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, taxi zilipiga honi kutwa. Ngazi zilinukia sombe, kisamvu chao, na samaki wakavu wa majirani Wakongomani, na siku ya Ijumaa zikanukia pilau ya bibi. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akisuka nywele saluni, alikuwa akigonga ukuta na kuuliza, "Bibi, iko kidogo ya watoto?" Na kila Ijumaa ilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka sahani.

Ijumaa ilikuwa pia siku ya shangazi. Shangazi, dada yake baba, ndiye mama mzazi wa binamu. Alikwenda Jeddah kufanya kazi za ndani mtoto akiwa na miaka mitatu, akamwacha kwa bibi, na bibi alipokuja Durban kukaa nasi akaja naye. Kwa hiyo mwenzangu mama yake alikuwa wa kwenye simu. Alipiga mchana, matajiri wake wakishakula na kulala, kwa zile kadi za kukwangua. Dakika zikikaribia kwisha, sauti ya mwanamke ilikuwa ikidakia kwa Kiarabu, kisha kimya.

Sasa, kwetu simu ilikwenda kwa umri. Bibi kwanza, kisha baba, kisha mama, kisha watoto, mkubwa mbele. Hakuna aliyeona vibaya. Utampaje mtoto simu wakubwa hawajajuliana hali? Bibi aliulizwa magoti, sukari, waliozaliwa na waliokufa. Baba aliulizwa biashara. Mama alifikisha salamu za jengo zima. Simu ikinifikia ilikuwa imeshapata moto, na nyuma yangu alibaki mtu mmoja tu. Nilimzidi miezi saba.

Mtoto mwenye imani angesema shikamoo shangazi, huyu hapa mwanao. Mimi niliuliza, "Shangazi, jana mlikwenda wapi?" Maana shangazi alikuwa akilea watoto watatu wa tajiri, na jioni kazi yake ilikuwa kuwatembeza. Na alijua kusimulia, mama yangu! Alinipeleka Kornishi, njia ndefu kando ya bahari, familia zimetandika mazulia na birika za chai, watoto wanapita na baiskeli na viatu vya magurudumu. Alinionyesha chemchemi inayorusha maji juu kupita maghorofa yote ya Albert Park, upepo ukigeuka mnarowa nguo na mnacheka. Kulikuwa na msikiti uliojengwa juu ya maji, ukichungulia kwenye nguzo zake unaona samaki. Kulikuwa na mji wa kale wenye madirisha ya mbao za kuchongwa, na paka kila ngazi. Kulikuwa na balila, dengu za kuchemsha zilizotiwa siki na achari, zinauzwa kwenye vibakuli. Kulikuwa na baiskeli ya chuma kubwa kuliko nyumba, imesimama katikati ya mzunguko wa barabara, na watoto wa tajiri wakimuuliza mwenyewe yuko wapi aliwaambia amekwenda kula, atarudi.

Mwenzangu alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani, ananitazama mdomo. Nilipompa simu, mara nyingi aliwahi kusema "shikamoo mama" tu, yule mwanamke wa Kiarabu akadakia. Alikuwa akiirudisha simu kwa bibi kwa mikono miwili, kisha anakwenda kuosha vyombo hata kama si zamu yake.

Shangazi aliliona hilo. Ijumaa moja aliniambia harakaharaka: "Kadi haimfikii mwanangu, basi nakutuma wewe. Mwambie nikipata ruhusa nitamleta huku. Achague, siku ya kwanza tuanze na lipi? Nipe jibu Ijumaa ijayo."

Bibi alikuwa na neno lake, kwamba salamu ni amana, ukiitia mfukoni umeiba. Nililijua neno hilo. Na bado sikumwambia mwenzangu. Unataka kujua kwa nini? Wivu. Usinicheke. Mimi nilikuwa na mama yangu pale pale, siku nzima ananigombeza juu ya madaftari na soksi, na yeye mama yake alikuwa na chemchemi. Nikaona kidogo hicho na mimi nikichukue.

Ijumaa iliyofuata nilisema, "Anasema muanze na viatu vya magurudumu." Shangazi alifurahi mpaka akacheka. Kumbe mwanangu shujaa hivyo, akasema. Pale mkekani mwenzangu aliinua uso, maana alilisikia lile "anasema". Mimi nikahamia dirishani na simu, nikampa mgongo.

Mambo yakaendelea hivyo miaka miwili. Shangazi anauliza, mimi namjibia. Anasema baada ya magurudumu twende kwenye chemchemi. Anasema paka hawataki. Anasema balila itiwe siki nyingi. Nilikuwa najiumbia mtoto kwa matamanio yangu mwenyewe, namkabidhi shangazi kila Ijumaa kwamba huyu ndiye wako. Mwenzangu hakuuliza hata mara moja. Mtoto anayelelewa kwa watu hujifunza mapema kunyamaza, hata kama watu wenyewe ni bibi yake na mjomba wake.

Basi Desemba moja shangazi akapata likizo. Tulikuwa na miaka kumi na moja. Alifika akiwa mwembamba kuliko picha zake, amejifukiza udi, akamkumbatia mwanawe kwa muda mrefu pale sebuleni mpaka bibi akasema mwacheni mtoto apumue. Wote tulilia siku ile. Kisha akafungua begi, akatoa boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na viatu vya magurudumu vya rangi ya waridi.

"Nimeona tusingoje Jeddah," akamwambia. "Si ndivyo ulivyotaka tuanze navyo, mwanangu?"

Nikwambie kitu kuhusu binamu yangu: alikuwa anaogopa kuanguka. Ngazi za jengo letu alishuka ameshika ukuta, moja moja. Aliviangalia vile viatu. Akaniangalia mimi. Nikatazama zulia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mahali pa kulisema palikuwa pale, mbele ya wote, na sikulisema.

"Ndiyo, mama," akasema. "Asante."

Shangazi akasubiri furaha. Haikuja. Mtu atafurahiaje kitu ambacho hajawahi kukisikia? Jioni akatupikia balila, siki nyingi kama alivyoagizwa, na mwenzangu ambaye ukali wa siki ulikuwa ukimuumiza tumbo alimaliza bakuli lote na kuliosha.

Jumamosi shangazi akatupeleka ufukweni, sisi watatu, ili tukaifanye Durban kuwa Jeddah. Hivyo ndivyo alivyosema. Njia ya ufukweni ilikuwa imepanuliwa, watu wanakimbia, watoto wa Kihindi na wa Kizulu wanapita na baiskeli za kukodi. Mwenzangu akavaa vile viatu. Akaanguka mara ya kwanza, akaanguka mara ya pili, goti likachubuka. Shangazi akawa anampuliza goti na kumwambia pole, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. Mimi, eish, nikauliza kama naweza kujaribu.

Vilinienea sawasawa. Nilikwenda mpaka gati la pili na kurudi, upepo usoni, kila nilichokuwa nikikiota dirishani kilikuwa miguuni mwangu. Nilijiambia nawapa nafasi wazungumze. Niliporudi niliwakuta benchini, shangazi upande huu na mwanawe upande ule. Shangazi akanipigia makofi. Akaniuliza kama nimechoka au niende tena, na nikaenda tena.

Siku chache kabla ya kuondoka nilimsikia jikoni akimwambia bibi, "Mama, mtoto wa kwenye simu siye huyu." Bibi akamwambia watoto huona haya mbele ya mgeni. Shangazi akasema, "Kumbe mimi ni mgeni." Nilikuwa nimeshika sahani ya jirani mkononi. Niliipeleka na kurudi kana kwamba sikusikia.

Baada ya pale Ijumaa zilibadilika. Alipiga, lakini hakuuliza tena mwanawe angechagua nini. Miaka michache baadaye alirudi Tanga moja kwa moja, mwanawe akamfuata, na huko ndiko alikoolewa. Wanakaa mitaa miwili tu mbali. Kila Ijumaa binti humpelekea mama chakula, huulizana hali, huombeana dua, kisha huagana. Hawajagombana hata siku moja. Watu huwasifu kwa adabu yao. Mimi nikisikia sifa hizo huwa naondoka mahali hapo.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu. Fleti ya ghorofa ya saba wanakaa wengine. Nikipita chini na gari naona mapazia ya njano nisiyoyajua. Jirani wa Bukavu alihamia Kanada. Kadi za kukwangua sijaziona miaka mingi. Siku hizi watoto wa ndugu zetu wananyang'anyana simu na wakubwa, wanaonyeshana meno kwenye kioo, hakuna zamu, na mama yangu hulalamika kwamba adabu imekufa. Namwitikia kwa mdomo tu. Ingekufa mapema kidogo, mwenzangu angempata mama yake.

Usiku wa ule ujumbe sikuandika kitu. Asubuhi nikakaa na simu nikamwandikia yote. Kornishi waende jua likishapoa, wabebe zulia lao. Chemchemi waitazame kutoka upande ambao upepo hauji, au waende upande unaokuja, watoto watapenda. Msikiti wa juu ya maji. Mji wa kale. Balila, ila wewe usitie siki. Kisha nikaandika nililopaswa kulisema sebuleni: hukupanga kitu, mdogo wangu. Mama yako alikuwa akikuuliza kila Ijumaa na mimi nilikuwa nikijijibu mwenyewe. Nisamehe. Nitampigia shangazi leo nimwambie kila kitu, lakini kwanza niambie na mimi nimfikishie: siku ya kwanza ungetaka muanze na lipi?

Ilipita siku nzima. Nilidhani hatanijibu, na nisingemlaumu. Kisha ukaja ujumbe wa sauti yake, ya taratibu kama kawaida, watoto wakicheza nyuma yake.

"Mimi dada sikutaka kwenda popote. Nilitaka anionyeshe kitanda anacholala, tulale wote mchana, asiamshwe na mtu." Akamwambia mtoto mmoja angoje. "Lakini usimwambie mama. Safari hii nitasema mwenyewe."