Maputo kwenye hitma ya baba mkubwa

Leo simu yangu imeshangilia kifo cha baba mkubwa.

Jana ilinilazimisha kupakua toleo jipya, bando la wiki nzima likaisha. Nikajipa moyo kwamba safari hii watakuwa wamerekebisha sauti, maana nikipiga simu nasikika kama niko ndani ya mtungi.

Leo ndiyo hitma, hapa nyumbani Irente, huku milimani. Shangazi, dada wa marehemu, yuko Tanga na mguu umevunjika, kupanda mlima hawezi. Nikampigia video, nikamwelekezea shehe.

Shehe akasema tuinue mikono tuombe dua.

Tukainua. Simu ikadhani tunasherehekea, ikamwaga maputo na fataki juu ya vichwa vya wafiwa.

Nikabonyeza kuzima, ikaongeza na mioyo.

Shangazi akauliza, "Mwanangu, huko kuna harusi?"

Baba mdogo pembeni yangu akasema taratibu, "Zima hilo dude."

Nyie mnaotengeneza hizi simu, nani aliwaomba maputo?

Anayejua yanapozimwa aniambie kabla ya arobaini.

Sauti ni mbovu vilevile. Shangazi hakusikia hata neno moja la dua ya kaka yake. Maputo aliyaona yote.