Jibu Langu kwenye Fomu ya Moyo

Taabu ilianza mwaka 1968, nina miaka ishirini na mbili. Nilitoka Mombasa na darasa la nne, nikashuka London na koti la kuazima. Kaka yangu alikuwa amenitangulia huko. Yeye alipata watoto wanne. Mke wangu hakujaliwa. Wa nne alipozaliwa, kaka alimweka mapajani mwa mke wangu, akasema, "Huyu wenu." Kwetu mtoto akishatolewa hivyo, habari imekwisha. Haizungumzwi tena.

Kaka alianguka dukani kwake Tooting, hapa London, akipanga maboksi, hakuamka tena. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na moja.

Mwaka juzi mwanangu akapata barua: watafiti wanataka watu wa asili yetu wateme mate kwenye kichupa, wapime jeni, yale tunayorithi kwa wazazi. Nikamsindikiza kliniki. Nesi, dada wa Kikenya, alipotusikia twaongea Kiswahili alifurahi, akatueleza bila haraka. Zamani walisaka jeni moja ya kulaumiwa. Sasa wanajua sukari na moyo vina jeni nyingi mno, kila moja yasukuma kidogo, halafu chakula na maisha vinaongezea. Ila kabla ya mate aliuliza magonjwa ya ukoo.

"Baba yako ana shida ya moyo?"

Mwanangu akacheka. "Huyu? Karibu themanini, na bado ananigombeza nikibeba gunia la mchele vibaya. Moyo chuma! Andika hakuna."

"Ni kweli, mzee?"

"Kweli," nikasema. Nesi akaandika.

Nilitoka nimenyoosha kifua. Nilijiona nimemlinda mwanangu.

Kwenye gari akasema, "Baba, ngazi za stesheni siku hizi zanikata pumzi. Lakini kwa damu yako, sina wasiwasi."

Naye alikuwa anakaribia hamsini, umri alioanguka kaka.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Umesahau miwani?"

"Nimesema uwongo."

Nikamwambia yote palepale, mlango wa gari uko wazi.

"Kwa hiyo baba mkubwa ndiye..."

"Ndiye aliyekuzaa."

"Na wewe ukaacha nesi aandike."

Akarudi ndani peke yake. Fomu ikabadilishwa, akapelekwa kupimwa, wakakuta mshipa wa moyo umeziba nusu. Wakautibu.

Leo nina nyumba Kenton, haina deni. Maduka mawili. Gari moja. Kaburi la mke wangu, na nafasi yangu pembeni yake. Na mwana mmoja, mzima, anayepiga simu kila Jumapili. Siku hizi ananiita Mzee, si Baba.