Aproni ya Kivuli cha Kuazima

Fundi cherehani anayeitwa Kioo ana aproni ya kahawia inayomfika vidole vya miguu. Ameikunja pindo mara tatu na kulishikiza kwa pini, lakini katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kuipunguza. Wateja humtania: nguo anazowashonea wenzake huwakaa vizuri, yake humfagilia sakafu.

Alizaliwa bila kivuli. Jua lilimpita kama linavyopita kioo cha dirisha, ndipo akapata jina. Mjini kwao mafundi hawakumgusa mteja. Walimsimamisha uani asubuhi, wakati kivuli kinapolingana na urefu wa mtu, wakakichora kwa chaki sakafuni. Siku ya mawingu hapimwi mtu. Asiye na kivuli hashonewi kabisa, na Kioo alikua kwa nguo za dada zake. Darasani aliketi peke yake.

Aliyemsogelea ni msichana mrefu mwenye vivuli viwili. Watu walimwita Mwizi, eti kimoja alikiiba.

"Wewe huna, mimi ninavyo viwili," alimwambia. "Tukikaa pamoja tunatosha."

Tangu hapo walitembea bega kwa bega, kivuli kimoja cha Mwizi kikitangulia miguu ya Kioo. Wageni hawakugundua kitu.

Walipotimiza miaka kumi na sita, Kioo alitaka jambo moja tu: kujifunza kushona dukani kwa Mama Fundi. Lakini kila mwanafunzi alipimwa aproni kwanza. Bila aproni, hagusi cherehani.

Wakaenda wote wawili, wakasimama uani wakiwa wamegusana mabega. Mama Fundi akapiga magoti na chaki yake. Kioo akapiga chafya. Kivuli kilichokuwa mbele yake hakikutikisika. Mwizi akajikuna kichwa. Vivuli vyote viwili vikajikuna. Mama Fundi akaendelea kuchora.

Baada ya siku tatu aproni ilikuwa tayari. Kioo aliivaa, akapiga hatua, akaikanyaga, akaangukia kapu la vitambaa. Walikuwa wamepanga kila kitu, wakasahau kwamba Mwizi alimzidi Kioo kwa kichwa kizima.

"Nisamehe, mama," Kioo alisema kutoka kapuni. "Kivuli si changu."

"Najua, mwanangu. Wewe ulipiga chafya, chenyewe kikaenda kujikuna. Miaka arobaini napima vivuli, ulidhani nachora maua?"

"Sasa mbona umeishona?"

"Nilitaka kuona utasema kweli au utasingizia mikono yangu. Haya, inuka, aproni ni yako. Nyoosha mkono nikupime gauni."

Akachukua utepe, akampima begani, kifuani, kiunoni, kwa vidole vyake mwenyewe. Kioo anasema bado anakumbuka ubaridi wa vidole vile.

"Na mwenzangu?" aliuliza.

"Mwenye viwili? Aingie. Pasi yangu nzito, inataka mtu mrefu."

Mama Fundi ameshafariki. Duka analiendesha Kioo, na hupima kwa utepe, jua liwepo lisiwepo. Mwizi, ambaye jina halimsumbui tena, anapiga pasi karibu na dirisha. Mchana kivuli chake kimoja hulala juu ya cherehani ya rafiki yake, na hakuna anayekiondoa.

Juzi mteja mmoja aliuliza kwa nini aproni haipunguzwi.

"Nikiikata," alijibu Kioo, "nitakuwa nimemkata miguu aliyeniingiza humu."

"Mwache nayo," Mwizi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Dada bado anakua."