Sifuri Tatu na Anga Safi

Aibu ndogo ndogo ninazo kama kila mtu, lakini hii ya kipima mvua ndiyo iliyonipa jina, na hata nikinyamaza watu wa Murusagamba watawasimulia, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, nami kijana mwenye mke na elimu ya darasa la saba, niliyesoma kila karatasi iliyonifikia, hata zile za kufungia chumvi. Akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Dada Salma, aliyechunguza kama mvua za huku zinabadilika, na kwa kuwa hakuweza kukaa kila mahali akaomba vijana wa kujitolea wapime kwa niaba yake. Tukajitokeza saba, wengine wa vijijini, wengine wa kambini, kila mmoja na kipima chake na daftari lake. Saa tatu kamili asubuhi unasoma maji, unaandika, unayamwaga. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba daftari lenye namba ya kubuni, hata moja, linaachwa lote. Mimi nikawa katibu, kwa sababu ya mwandiko wangu na (lazima niseme) kwa sababu nilijipendekeza.

Nilipima mwaka mzima bila kukosa siku. Kisha kaka yangu akaoa Biharamulo, katikati ya kiangazi, na Jumanne ya kurudi ndiyo ilikuwa siku ya Dada Salma kukagua madaftari, maana yake ningeshuka kwenye basi na kuingia ofisi ya kata bila kufika nyumbani. Ningeweza kumfundisha mke wangu kusoma kipima (dakika tano zingetosha), lakini niliona sayansi haikabidhiwi mtu hivi hivi, nikamwambia tu asikiguse. Jumamosi asubuhi, baada ya kupima, nikachukua rula, nikajaza sifuri ya Jumapili, ya Jumatatu na ya Jumanne, na kwenye nafasi ya maelezo, ambako hakuna aliyenilazimisha kuandika kitu, nikaongeza mara tatu: anga safi.

Harusi ilikuwa nzuri. Jumanne basi letu lilisubiri kusindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wa msituni, nikalala njia nzima, nikaingia ofisini saa nane nikiwa na vumbi na furaha.

Dada Salma akayapanga madaftari mezani. "Festo, wenzako wote wana maji Jumatatu. Kwako haikunyesha?"

Hapo ningesema sikuwepo, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikaeleza, kwa sauti ya katibu, kwamba mvua ya kiangazi ina mipaka na kilima cha nyuma ya nyumba yangu huikata.

Odeta, msichana wa kambini aliyepima kwa utulivu kuliko sisi wote, akaniuliza, "Na upepo wa mvua hiyo, kilima kiliuachia upite, kaka Festo? Maana turubai letu lililopeperushwa tumeliokota upande wako."

Watu wakacheka, Dada Salma hakucheka. Mahali panaporukwa na mvua ndipo hasa alipotaka kupaona. Tukaondoka kwa miguu, sisi saba na yeye, na nyuma yetu wakajiunga watu waliokuwa wakisubiri mihuri pale ofisini. Dimbwi la kwanza nilisema mtu amemwaga maji. La pili nikasema ng'ombe wamenyweshwa. La tatu nikaliruka.

Mke wangu alikuwa uani, amepiga magoti kwenye mkeka, anachambua maharage yaliyochipua. Akawakaribisha wageni vizuri, kisha akanigeukia. "Pole na safari, Baba Neema. Mvua ya Jumapili jioni imetuoteshea maharage mkekani. Na hicho kipima chako kina maji, sijakigusa, kama ulivyoniagiza."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Dada Salma akainama, akasoma milimita kumi na tisa, akanipa kalamu.

"Dada, sikuwepo," nikasema.

"Basi andika hivyo."

Nikakata sifuri zangu kwa mstari mmoja mmoja ili zisomeke bado, nikaandika Sikuwepo mara tatu, na chini yake maji ya siku tatu kwa pamoja. Nikamuuliza kama daftari limekwisha. Alifunua kurasa za mwaka ule moja moja, nami nikahesabu asubuhi zangu zote.

"Aliyebuni amesahihisha mwenyewe, mbele ya mashahidi wote hawa," akasema. "Nalichukua. Ila katibu awe Odeta."

Odeta akafungua ukurasa, akasoma maelezo yangu kwa sauti. Tangu siku hiyo naitwa Anga Safi, na wajukuu wa wale wa mihuri wananiamkia hivyo: "Shikamoo, Mzee Anga Safi."

Bado napima. Juzi nililazwa Ngara siku mbili, nikarudi nikakuta kipima kikavu na vumbi juu yake, nikaandika Sikuwepo, Sikuwepo. Mke wangu, ambaye siku hizi hukisoma vizuri kuliko mimi lakini alikuwa nami hospitalini, akachungulia daftari kupitia begani kwangu. "Lakini Baba Neema, si unaona haikunyesha?"

Nikamwambia sikuwepo.