Wiki Sita za Kijani

Nilipofika Doha nilikuwa nimefundisha hesabu kwa miaka ishirini na mmoja, na sikuwa na shaka hata chembe kwamba naijua kazi yangu. Nalisema mapema ili ijulikane tangu mwanzo nilikuwa mtu wa namna gani. Kule Kitale nilikuwa na darasa la watoto sabini na wawili, chaki na sauti. Nikimaliza kueleza jambo nilikuwa nauliza, "Tumeelewana?" na watoto wote sabini na wawili wanajibu, "Ndiyo, mwalimu!" mpaka darasa la jirani linanyamaza. Nikishalisikia jibu hilo, nafungua ukurasa unaofuata.

Mume wangu ndiye aliyetangulia kuja huku. Alianza kama mlinzi wa kawaida, sasa ni msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi West Bay. Mimi nilipata nafasi katika shule ya binafsi, nikamfuata. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, akabaki kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka tisa. Mpango haukuwa na utata: nikimaliza miezi mitatu ya majaribio na kuthibitishwa kazini, shule ingempa binti yangu nafasi ya kusoma papo hapo, naye angekuja kuishi nasi Al Rayyan. Siku niliyoondoka nilimwambia ni miezi mitatu tu. Akaihesabu kwa vidole, akaona amebakiwa na saba, akatabasamu.

Katika darasa langu jipya kulikuwa na watoto ishirini na wawili, idadi ambayo kule nyumbani ingekuwa safu tatu za mbele. Waliniita Miss. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, na mume na mtoto, naitwa Miss kama msichana anayesubiri kuposwa. Nilizoea. Kitu ambacho sikukizoea ni ubao. Ulikuwa skrini kubwa ukutani, na kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake. Mwalimu anatuma swali, kila mtoto anachagua herufi ya jibu kimyakimya, kisha nguzo mbili zinapanda ukutani: ya kijani kwa waliopata, nyekundu kwa waliokosa. Majina hayaonekani ukutani. Yanaonekana kwenye kishikwambi cha mwalimu pekee, na kila Alhamisi muhtasari wa wiki unakwenda kwa mkuu wa idara.

Siku ya kwanza nilifundisha kujumlisha sehemu. Nilieleza kama nilivyoeleza kwa miaka ishirini na mmoja, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, Miss!" Nikatuma swali: thuluthi moja ukijumlisha na robo moja ni ngapi? Watoto kumi na saba wakachagua mbili juu ya saba. Walikuwa wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Ile nguzo nyekundu ilipanda mpaka karibu iguse dari.

Nilisema mashine ni mbovu. Nilimwita fundi wa kompyuta, akaja, akabonyeza hapa na pale, akaniambia kwa upole kwamba mashine ni nzima. Upole wake ndio ulionikera zaidi.

Wiki tatu zilipita hivyo. Naeleza, wanaitikia, nguzo nyekundu inapanda. Mkuu wa idara alikuwa mama wa Kijordani, mtu wa maneno machache, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa mnyororo. Aliniita ofisini akaniambia matokeo ya darasa langu yanamtia wasiwasi. Nilitoka mle nikiwa nimekunja uso. Nilimlaumu yeye, nikawalaumu watoto, nikailaumu nchi nzima pamoja na vumbi lake. Sikumaliza orodha yangu ya lawama mpaka nilipofika nyumbani.

Sikuketi siku moja nikapanga kudanganya. Ilianza kidogokidogo. Asubuhi moja, kabla sijatuma swali, niliona heri nilifanye kwanza pamoja nao kwa kalamu ya ubao. Swali lilelile, nambari zilezile. Tulipofika mwisho nikauliza, "Kwa hiyo jibu ni herufi gani?" Wakajibu, "B, Miss!" Ndipo nikatuma. Nguzo ya kijani ilipanda, na ile nyekundu haikuonekana kabisa. Nilijiambia nimewaandaa vizuri. Kesho yake nikafanya vilevile, na keshokutwa pia.

Wiki sita ukuta wangu ulikuwa kijani tupu, na kichwa kikanivimba. Nilijifunza kuweka picha kwenye maswali, kuweka saa ya kuhesabu sekunde, hata muziki mdogo wa kushangilia. Walimu vijana walioniona mwezi wa kwanza nikitafuta kitufe cha kuwashia walianza kuja darasani kwangu kuuliza ninafanyaje. Niliwaeleza kwa madaha. Mkuu wa idara naye akaniita tena, safari hii akitabasamu. Aliniambia kwamba Jumatano ya wiki ijayo walimu wote wa idara wataketi nyuma ya darasa langu wanitazame nikifundisha, na baada ya somo hilo ataandika ripoti yangu ya majaribio. Jioni hiyo nilimpigia binti yangu nikamwambia aanze kuchagua vitu atakavyopakia.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, mwanafunzi wangu mmoja alibaki darasani. Alikuwa msichana wa Kisudani aliyeketi karibu na dirisha, mtoto wa kimya ambaye kwenye kishikwambi changu alikuwa hajakosa swali hata moja tangu kijani kianze. Alifungua daftari lake mbele yangu. Alikuwa amejaribu maswali manne nyumbani, na yote manne alikuwa amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini.

"Miss," akasema, "darasani huwa nabonyeza herufi unayotuambia. Lakini mtihani wa mwisho wa muhula ni wa karatasi. Siku hiyo nani atatuambia herufi?"

Hakuniuliza kwa ujeuri. Alikuwa na hofu tu, na alitaka kujua. Nami nilimkasirikia. Nilimwambia mtihani bado uko mbali, aende nje akacheze na wenzake. Akafunga daftari akaenda. Chai yangu ya saa nne siku hiyo haikunywika.

Ijumaa ndiyo siku yetu ya kanisa huku. Tuliporudi nilisonga ugali, na tulipokuwa tunakula nikamweleza mume wangu habari za yule mtoto, huku nikitarajia aniunge mkono. Nilimwambia watoto wa siku hizi hawana adabu.

"Hebu nikwambie story," akasema. "Kulikuwa na jamaa mmoja kwa shift yangu. Kila saa anatakikana azunguke floor zote, halafu aandike kwa kitabu ameona nini. Yeye alikuwa anakalia kiti tu, anaandika 'hali shwari, hali shwari.' Mwandiko poa sana. Mimi mwenyewe nilikuwa namsifu kwa mkubwa."

"Halafu?"

"Halafu bomba ikapasuka floor ya nane. Maji imeshuka mpaka ya sita, na kitabu bado inasema hali shwari."

Alichovya ugali kwenye mchuzi. Nikamuuliza kama ananifananisha na mlinzi mvivu.

"Hakuwa mvivu hata," akasema. "Alianza siku moja akiwa amechoka, akaona hakuna mtu ameuliza. Mimi nakula tu, mwalimu."

Nilimwondolea sahani kabla hajamaliza. Ni mwanaume mvumilivu. Alinawa mikono akaenda kulala. Mimi niliosha vyombo nikiwa na hasira, na nilipofika kwenye sufuria ya ugali, ambayo huchukua muda kusugua, hasira ilikuwa imeisha na kilichobaki ni aibu. Niliwaona watoto wangu ishirini na wawili wakibonyeza B.

Nilikuwa na njia mbili, na zote nilizijua vizuri. Ningeweza kufundisha Jumatano kama nilivyofundisha wiki sita, ukuta uwe kijani, nithibitishwe, binti yangu apande ndege, kisha baadaye nirekebishe mambo taratibu bila mtu kujua. Au ningeweza kutuma swali bila kuwaambia herufi. Mpaka Jumatano asubuhi, ndani ya basi la walimu, sikuwa nimeamua. Nilikuwa na maswali ya aina zote mbili kwenye mkoba.

Walimu saba, akiwamo mkuu wa idara, walikaa nyuma. Nilieleza somo, nikafanya mfano mmoja. Kisha nikamwona yule msichana wa dirishani ameshika kishikwambi chake kwa mikono miwili, ananitazama mdomo, anasubiri herufi. Nikatuma swali ambalo hatukuwa tumelifanya. Thuluthi moja ukijumlisha na moja ya tano.

"Herufi gani, Miss?" mmoja akauliza kwa sauti.

"Leo sisemi," nikamjibu.

Watoto watano walipata. Kumi na saba walichagua mbili juu ya nane. Idadi ilikuwa ileile ya siku ya kwanza, kana kwamba katikati hapajapita wiki hata moja. Nguzo nyekundu ilisimama ukutani mbele ya watu wazima wanane, mimi nikiwa mmoja wao, na jasho likanitoka ingawa kiyoyozi kilikuwa kinavuma.

Niliiacha ukutani. Nikawauliza walioichagua mbili juu ya nane waniambie walifikiriaje. Tangu nije, hakuna aliyewahi kuombwa hapo azungumze peke yake. Nilisubiri, na kusubiri si kipaji changu. Hatimaye yule msichana akainua mkono. "Mimi niliichagua," akasema. "Nilijumlisha vya juu, nikajumlisha vya chini."

"Vizuri. Tufanye kwa njia yako," nikasema. "Nusu na nusu."

Akahesabu. "Mbili juu ya nne."

"Ambayo ni sawa na ngapi?"

Akafikiri. "Nusu."

"Kwa hiyo ukiwa na nusu ya mkate, nikakuongezea nusu nyingine, unabaki na nusu?"

Darasa likacheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka akatazama ukuta kwa makini. Kuanzia hapo sikufundisha mimi. Walibishana wenyewe kwa wenyewe mpaka mmoja akaja kuchora mkate ubaoni, akaugawa vipande kumi na vitano. Nilituma swali jingine, jipya kabisa. Kumi na wanne walipata, wanane wakakosa. Kengele ikalia.

Mchana mkuu wa idara aliniita. Muhtasari wa wiki zote ulikuwa wazi kwenye kompyuta yake.

"Wiki sita ni kijani tupu," akasema. "Leo wameanza na watano. Ulichagua swali gumu makusudi, sivyo?"

Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Ningesema ndiyo, na angeniamini. Niliviona vile vidole vya binti yangu.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nawaambia jibu kwanza."

Akavua miwani. "Wiki zote sita?"

"Zote."

Akaniambia kwamba somo la leo ni bora kuliko yote aliyowahi kuyaona kwangu, na kwamba hata hivyo hawezi kutia sahihi kipindi cha majaribio ambacho nusu yake hajui watoto walikuwa wanajua nini. Angeniongezea muhula mmoja. Nafasi ya mtoto ingesubiri barua yangu ya kuthibitishwa. Hakuinua sauti, nami sikuwa na la kubisha. Nilimshukuru, na nilipofika msalani nikalia kama mtoto aliyechapwa.

Nilimpigia binti yangu Jumamosi mchana. Saa za Doha na za Kitale ni zilezile, kwa hiyo nilijua amemaliza kula na yuko sebuleni kwa dada yangu. Uso wake ulijaa kwenye simu. Nilimweleza kwa mpangilio, kama mwalimu mzuri: kuna muhula mmoja umeongezwa, hatakuja mwezi ujao, atakuja baada ya muhula huo, mimi na baba yake tunamsubiri. Nilizungumza polepole na kwa utaratibu.

"Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, mama."

Alijibu haraka, kwa sauti safi. Nililijua jibu hilo. Nimeishi nalo miaka ishirini na mmoja, na siku nyingine yoyote ningeshukuru Mungu na kufungua ukurasa unaofuata.

"Hebu niambie umeelewa nini," nikasema.

Uso ukatoka kwenye simu, nikabaki natazama dari ya nyumba ya dada yangu. Nikasubiri.

"Nimeelewa kwamba nimeanguka," akasema, bado haonekani.

"Umeanguka nini?"

"Mtihani wa kuja huko. Shule yenu imenikataa."

Nilimwambia arudi nimwone uso, na aliporudi ulikuwa umelowa.

"Si wewe uliyeanguka," nikamwambia. "Ni mimi. Kaa vizuri nikueleze tena, na mahali usipoelewa unisimamishe."

Akajifuta kwa mkono wa sweta, akakaa vizuri. Alinisimamisha mara nne.