Ngamia Aonekane

Aliyenipa habari ni mchuuzi wa mbuzi, na alinipigia simu asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni. "Mwalimu," akasema, "yule mtu wetu wa rangi ametuacha. Ni hiyo kifua yake. Tunazika leo baada ya adhuhuri, usichelewe." Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Wasomaji wa safu hii wananijua: si mwepesi wa kulia. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na machozi yangu nilidhani yaliishia darasani. Siku hiyo yalitoka, na sababu yake haikuwa huzuni peke yake, kama mtakavyoona mkinivumilia. Tulimzika saa nane, kwa haraka na heshima, kama ndugu zetu Waislamu wanavyozika. Haraka hiyo iliwapata wakubwa wa mji hawajajiandaa. Walifika makaburini saa kumi kwa msafara wa magari, wakakuta udongo umeshasawazishwa na waombolezaji wako nyumbani kwake, mtaa wa Kiwanjani, wanakunywa chai. Sijawahi kuona watu wazima wameudhiwa na maiti kiasi kile. Hotuba zilikuwa zimeshaandikwa.

Marehemu alikuwa mchoraji, lakini msidhani ni wale wa twiga na machweo. Hakuchora twiga hata mmoja. Hakuchora morani aliyeegemea mkuki akisubiri mtalii. Alichora rangi: nyekundu inaingia kwenye kahawia, kahawia inakataa kidogo, halafu inakubali, na hapo picha imekwisha. Babu yake alikuja hapa Isiolo na jeshi la mkoloni, wana wakawa wafanyabiashara, wajukuu wakawa watu wa malori, na yeye peke yake katika ukoo mzima ndiye aliyekataa kushika usukani. Urithi aliouchukua ni maturubai ya lori yaliyochakaa. Aliyafua, akayakata, akayatundika uani, akayapaka. Mama yake alikuwa Mborana wa Biliqo, na huko kwa wajomba zake ndiko alikokulia, nyuma ya ngamia, mpaka alipoletwa mjini kusoma. Kuhusu kusoma, nilimfundisha mimi, kwa hiyo hiyo nayo ni lawama yangu.

Mapenzi yake kwa rangi yalikuwa ugonjwa kabisa. Alikuwa akinunua miraa, naye hatafuni. Anaifungua tu, anatazama wekundu wa vijiti kwenye mwanga, kisha anawagawia watu. Hakuna mtu Isiolo aliyekuwa na marafiki wengi kama yeye saa tisa alasiri. Mkewe alizoea kuanua nguo kwa ruhusa, maana kama kanga ya manjano imekaa vizuri karibu na shuka la kijani, haondolewi mtu wala nguo mpaka jua lihame. "Mwalimu," mama huyo aliwahi kuniambia, "wenzangu wanagombana na bwana juu ya wanawake. Mimi nagombana juu ya kamba ya nguo." Alisema hivyo huku anacheka, na kanga bado ziko kambani.

Riziki yake aliipata sokoni, kwenye mnada wa mifugo. Ukinunua mbuzi pale unamtia alama ya rangi mgongoni ili asichanganyike na wa wenzako, na kila mchuuzi ana rangi yake. Shida ni kwamba mikebe ya dukani ina nyekundu moja na buluu moja, na wachuuzi ni wengi. Yeye akawa fundi wa kuchanganya. Ukimwendea anakuundia nyekundu ambayo hakuna mwingine anayo, kwa udongo wa Kinna kidogo, kwa masizi, kwa siri zake. Siku moja mbuzi wa wachuuzi wawili wakachanganyika zizini, wote wana alama nyekundu, na wenyewe wameshashikana mashati. Mmoja ndiye huyu aliyenipigia simu. Fundi akaitwa. Akaingia zizini mikono nyuma, akapita katikati ya mbuzi akinyoosha kidole: huyu huku, huyu kule. "Huu wekundu nimeutengeneza mimi. Huo mwingine ni wa mkebe, umelala tu, hauna kitu ndani." Mpinzani akabisha, akataka mbuzi wachanganywe tena na jaribio lirudiwe. Likarudiwa. Mbuzi wakaenda kule kule, mmoja mmoja, hata yule ambaye alama yake ilikuwa imebaki doa la ukubwa wa kifungo. "Walahi," mpinzani akasema, "hii jamaa ina macho ya jini." Yakaisha, watu wakapeana mikono.

Wiki ile ile, mchuuzi wangu alipita Kiwanjani kumshukuru fundi, akaziona picha zimetundikwa uani. Akazunguka, akainamisha kichwa huku na huku. "Ni nzuri," akasema. "Lakini ni ya nini?" Huyo, wasomaji wangu, ni mtu ambaye akipotelewa na mbuzi haulizi kama umemwona mbuzi. Anakueleza: mweusi, lakini weusi wa chungu kilichotoka motoni, na shingoni ana majivu, na majivu yenyewe yameungua kidogo upande wa kushoto. Mji huu umejaa watu wanaojua rangi kuliko wanavyojua majina ya watoto wao. Ukizitoa rangi hizo mgongoni mwa mbuzi ukaziweka kwenye turubai, wote wanakuwa vipofu kwa pamoja, na wanajivunia.

Nisiwaseme wengine. Mimi ndiye niliyewaongoza. Mtakumbuka, na wengine mlinipigia simu kucheka, nilivyoandika katika safu hii hii kwamba mjini kwetu kuna msanii anamwaga rangi na kuita picha, na kwamba namsihi aweke hata ngamia mmoja ili tujue tumesimama wapi. Nilijiona mjanja sana. Mzaha ule ukatoka gazetini ukaingia mitaani. Akipita sokoni anaulizwa, "Buda, ngamia iko wapi?" Watoto wakaimba. Mkewe akaulizwa dukani. Baada ya mwezi hivi akaja kwangu, akabisha hodi, akanisalimia, akakubali chai. Nikawa nasubiri matusi. "Mwalimu," akasema, "wewe umewahi kukama ngamia?" Nikamwambia kwetu tuna ng'ombe, tena wa kufungiwa bandani. Akatikisa kichwa taratibu kama daktari aliyepata jibu. "Basi sawa," akasema, akamaliza chai yake, akaenda.

Wakati huo ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado napita langoni mwake, ilikuwa inatafuta picha moja kubwa ya kutundikwa katika ukumbi mpya wa mikutano. Marehemu aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Wageni walikuwa wakinunua kazi zake mara moja moja na kuzipeleka kwao, na hilo halikumpa raha. "Huko wataziona watu ambao hawajaona hii vumbi," aliniambia. "Nataka ionekane na mtu wa hapa, akiwa amekuja kutafuta kitambulisho." Akachora turubai lenye upana wa mlango wa lori, akalipeleka na fomu. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya jina la picha. Akaandika: Ngamia. Chini yake paliulizwa, picha inaonyesha nini? Akaandika: Ngamia. Karani akalitazama turubai, akatazama fomu, akaenda nyuma ya turubai kuangalia kama ngamia yuko upande ule.

Kamati ya kuchagua ilikuwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa mimi. Ndiyo. Mtu akiandika gazetini hufikiriwa kuwa anajua kila kitu, naye hakatai. Niliiona picha ile kwa dakika mbili, kutoka mlangoni, nikiwa na haraka ya chakula cha mchana. Ilikuwa kahawia, halafu rangi ya chai ya maziwa, halafu pembeni weupe mwembamba unaingia. Moyo wangu ulitulia kidogo, nakiri, na nikaupuuza. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Rangi safi. Ngamia aonekane." Picha ikapelekwa stoo kungoja marekebisho. Aliporudi kuuliza, akasomewa maneno yale. Hakuuliza ni ya nani. Mwandiko alikuwa anaujua tangu darasa la tatu. Akawaambia, "Ngamia yuko," akaondoka. Hakurudi kuichukua, na hatukuongea habari hiyo tena, ingawa tulisalimiana kila Ijumaa akitoka msikitini, mpaka mwisho wake.

Sasa turudi kwa wakubwa na hotuba zao. Kwa kuwa kaburi liliwakimbia, waliandaa hafla ya kumbukumbu wiki mbili baadaye, na hema la chakula, na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa. Ikaamuliwa picha ya marehemu izinduliwe ukumbini. Nikaombwa nikaitambue stoo. Stoo haikuwemo. Tulitafuta nyuma ya mafaili na madawati yaliyovunjika, mpaka karani akakumbuka kwamba kuna turubai moja chafu alimpa askari wa lango azibe jua. Nikaenda kwenye kibanda cha mabati cha askari. Ni mzee kidogo, naye ni wa huko huko Biliqo. Turubai lilikuwa ukutani, upande wa jua la alasiri, uso wake umegeukia ndani, limefungwa kwa waya kwa uangalifu mkubwa.

"Kwa nini umeligeuza ndani?" nikamuuliza.

"Nani anaacha ngamia nje kwa barabara?" akasema. Nikadhani naye ananitania, kama mji mzima. Nikamwambia, mzee, mimi simwoni. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe umesimama mbali. Kukama ngamia unasimama hivi." Akainua mguu mmoja, akauegemeza kwenye goti la mguu wa pili, akaweka kofia yake juu ya paja kama chombo cha maziwa, akasogea mpaka paji la uso likagusa turubai. "Kichwa unaweka hapa kwa ubavu. Hapo huoni shingo, huoni mguu, huoni nundu. Unaona rangi tu, na inapumua. Hii nyeupe hapa kando ni jua linatoka. Hii ni asubuhi." Nikavua kofia yangu. Nikasogea, nikaweka paji langu la uso pale. Wasomaji wangu, nilimwona ngamia. Nilikuwa na umri wa kustaafu, na nilikuwa nimeishi Isiolo karibu maisha yangu yote.

Nililia kibandani mle, na askari akajifanya anaangalia lango. Nikaapa nitakwenda kwa mkurugenzi wa ofisi ile kesho yake, nimweleze picha itundikwe chini, mtu aweze kuisogelea, na maneno yangu yafutwe kwenye faili. Lakini kwanza, nikasema, niandike makala nzuri ya kumsifu marehemu, maana mambo kama hayo yanahitaji lugha. Nikaitafuta lugha siku nne. Nikafuta, nikaandika, nikapata sentensi moja iliyonipendeza sana. Siku ya tano ikawa ndiyo hafla.

Hotuba zilikuwa nne. Mzungumzaji wa kwanza alisema marehemu alikuwa hazina, wa pili akasema alikuwa lulu, wa tatu akasema tulimjua sote, na wa nne akakosea jina lake. Kisha pazia likavutwa. Picha ilikuwa juu sana, karibu na dari, ndani ya fremu inayong'aa. Na katika pembe ya chini, upande wa kushoto, juu ya ile rangi ya chai, alikuwa amesimama ngamia. Fundi wa mabango ya hoteli ndiye aliyeitwa kumchora, kwa rangi ya kumeta, akiiga picha aliyoitafuta kwenye simu. Ngamia anatabasamu. Ana kope ndefu. Ana nundu mbili, hapa Isiolo, ambako hata mtoto anayenyonya anajua ni moja. Watu wakapiga makofi. "Sasa tunaelewa," akasema bwana mmoja nyuma yangu, kwa raha ya kweli. Mjane wa marehemu alikuwa mstari wa mbele. Alitazama kidogo, akavuta mtandio wake usoni, na hakuutoa mpaka chakula kilipoletwa.

Nilimfuata mkurugenzi mle mle ukumbini. Akanipokea kwa heshima, akaagiza faili liletwe, akanifungulia ukurasa. "Lakini mwalimu, hili ni pendekezo lako. Tulisema tumuenzi marehemu kwa kufuata kamati." Ofisi ile imepokea mapendekezo ya kamati za maji, za barabara, za vyoo vya soko, na yote yamelala humo humo stoo. Limetekelezwa moja tu, kikamilifu na kabla ya wakati, nalo ni langu. Nikaomba ngamia afutwe. Nikaambiwa rangi ile ya kumeta ikitolewa itatoka na ya chini yake, na kwamba hata hivyo itabidi kamati ikae. Maji yakimwagika hayazoleki.

Funzo ninalo, na nawapa bure kwa kuwa limenigharimu. Tukiona kazi ya mtu tusiielewe, huwa tunamwambia aongeze kitu ili ifike pale tulipo. Ni sisi tuliopaswa kusogea, hatua moja tu, na mara nyingi hatua hiyo ni fupi kuliko ile ya kwenda kutafuta kalamu. Na ukishajua umekosea, usitafute kwanza maneno mazuri. Nenda hivyo hivyo na maneno mabaya, uwahi. Sentensi ile iliyonipendeza nimeitupa, hamtaisoma.

Siku ile nikitoka ukumbini nilipita langoni. Kibanda cha askari kilikuwa wazi upande wa alasiri, na jua lilikuwa limemjaa usoni. Alikuwa ameshakwenda kuchungulia kama wengine. "Mwalimu," akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgeni aliyepotea, "hiyo ngamia ya nundu mbili, ni ya nani?"

"Ni yangu," nikamwambia.